Ganda la Kirusi na Chembe ya Chuma

Yapo maneno ambayo yakitajwa nyumbani huitia mioyo baridi, na "virusi" ni mojawapo. Tangu mwaka 2020 neno hilo limekuja kwetu likiandamana na barakoa, karantini na mazishi ya watu wachache. Si ajabu basi kwamba mama akisikia wataalamu wamo maabarani wakibadilisha virusi na kuvitia madini ndani, jambo la kwanza limjialo ni hofu.

Juma hili nakusudia tuitazame kazi hiyo kwa utulivu. Kazi yenyewe ni hii: kulichukua ganda la kirusi, lile lililoumbwa kwa protini zinazojipanga zenyewe, na kulifunza kushika madini kama chuma, zinki au nikeli, ili madini hayo yafanye kazi yenye manufaa. Ni elimu ngeni masikioni, lakini misingi yake imo katika damu yetu, katika mboga tunazopika, na katika kadi za kliniki za watoto wetu. Mwenye kuifahamu atakuwa amepata kipimo cha kupimia habari nyingi zinazosambazwa siku hizi kuhusu virusi na chanjo.

Madini hayaachwi huru

Tuanze na damu. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 hivi za chuma katika mwili wake wote, uzani usiozidi ule wa msumari mdogo. Sehemu kubwa ya chuma hicho imo ndani ya himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake na kuichukua oksijeni kutoka mapafuni hadi kila kiungo. Kila molekuli ya himoglobini ina vyumba vinne, na katika kila chumba imelazwa pete moja iitwayo hemu. Katikati ya pete hiyo, ikiwa imeshikwa na atomu nne za naitrojeni, ndipo ilipo atomu moja ya chuma.

Msaidizi wa namna hii, asiyekuwa protini lakini ambaye protini haiwezi kufanya kazi bila yeye, wataalamu humwita kofakta. Kofakta zenye madini ni nyingi. Majani mabichi yana klorofili, pete iliyo ndugu wa hemu kabisa, ila katikati yake hamna chuma bali magnesiamu. Vitamini B12 ina kobalti. Kimeng'enya kinachotusaidia kuitoa hewa ya kaboni mwilini kina zinki. Ukila kunde na mchicha, ukivuta pumzi, ukitembea kutoka sokoni hadi nyumbani, kofakta hizi zafanya kazi bila ya wewe kujua.

Kwa nini chuma kifungwe ndani ya pete, na pete ifungwe ndani ya protini? Kwa sababu chuma kikiachwa huru mwilini hugeuka mharibifu. Huchochea kuzaliwa kwa chembe kali za oksijeni ambazo huunguza utando wa seli, protini, na hata chembe za urithi. Ndiyo maana vidonge vya chuma na asidi ya foliki, ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki ili asipungukiwe na damu, vyaweza kumdhuru mtoto mdogo na hata kumuua akivifikia na kuvimeza kwa wingi. Kilicho dawa kwa mama ni sumu kwa mwanawe. Tafadhalini, viwekwe juu, mbali na mikono ya watoto.

Protini haikifungi chuma tu, bali pia hukitia adabu. Mfano ulio wazi ni ule wa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo hutoka katika jiko la makaa na haina harufu. Hemu ikiwa peke yake, nje ya protini, huishika hewa hiyo kwa nguvu zipatazo mara 20,000 kuliko inavyoishika oksijeni. Hemu hiyohiyo ikiwa ndani ya chumba chake cha himoglobini, nguvu hizo hupungua hadi kiasi cha mara 200. Pete haikubadilika, wala chuma hakikubadilika. Kilichobadilika ni chumba. Hata hivyo, mara 200 zingali nyingi, na ndiyo sababu kulala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa madirisha huua watu kimyakimya.

Basi tushike jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa yote yanayofuata: madini yana nguvu, lakini chombo kinachoyashika ndicho kinachoamua nguvu hizo zitajenga au zitabomoa.

Kirusi ni barua na bahasha

Sasa tugeukie virusi. Kisa chake kinaanzia katika mashamba ya tumbaku ya Ulaya. Katika karne ya 19 wakulima wa Uholanzi waliona majani ya tumbaku yakipata mabaka ya kijani na manjano na kudumaa. Adolf Mayer alionyesha kwamba maji ya jani gonjwa yakitiwa katika jani zima huliambukiza. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi aliyachuja maji hayo kwa chujio lenye matundu madogo kiasi cha kuzuia bakteria, na bado yakaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akakata kauli kwamba kiambukizi hiki si bakteria, akakiita virusi.

Mwaka 1935 Wendell Stanley, huko Marekani, aliweza kukitenga kirusi hicho cha tumbaku katika hali ya fuwele, kama vile chumvi inavyoganda maji ya bahari yakikauka. Kitu kinachougua na kuambukiza kiligeuka kuwa kitu kinachoweza kutiwa katika chupa na kuwekwa kabatini. Baadaye ikabainika kwamba kirusi hicho kina sehemu mbili tu. Ya kwanza ni uzi wa RNA wenye herufi zipatazo 6,400, ambao ndio barua yenye maagizo. Ya pili ni protini zinazoizunguka barua hiyo, ambazo ndizo bahasha.

Umbo la bahasha lilielezwa kwa ufasaha na mwanamke, Rosalind Franklin, aliyefanya kazi katika chuo cha Birkbeck, London, kuanzia mwaka 1953. Kwa kutumia miale ya eksirei yeye na wenzake walionyesha kwamba kirusi cha tumbaku ni fimbo yenye uwazi katikati, na kwamba uzi wa RNA haukai katika uwazi huo bali umezama ndani ya ukuta wa protini. Alifariki kwa saratani mwezi wa Aprili 1958, akiwa na umri wa miaka 37, siku moja kabla ya kufunguliwa kwa maonyesho ya dunia ya Brussels ambako kielelezo cha kirusi hicho kilichoandaliwa naye kiliwekwa mbele ya watazamaji.

Fimbo hiyo ina urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 18. Lau ungezipanga ubavu kwa ubavu, zaidi ya fimbo 4,000 zingeenea katika upana wa unywele mmoja. Ukuta wake una protini 2,130, zote sawasawa, zikipanda kwa kuzunguka kama ukili unavyozungushwa na kushonwa hata ukawa kawa ya kufunikia chakula. Tofauti ni kwamba kawa ina mshonaji wake, ilhali fimbo hii haina.

Kinachojisuka chenyewe

Hapa ndipo penye ajabu. Mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walizitenganisha barua na bahasha za kirusi cha tumbaku, kila moja katika chupa yake. Kisha wakazichanganya tena. Bila mkono wa mtu kuzipanga, protini zilijikusanya kuuzunguka uzi wa RNA, fimbo zikarudi, na fimbo hizo zikaweza kuambukiza majani. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Ujerumani na wa Marekani walithibitisha kwamba uwezo wa kuambukiza umo katika RNA. Protini peke yake haiambukizi chochote.

Je, zajipangaje? Kila protini ina pande zinazoyaogopa maji, mfano wa samli inavyojikusanya juu ya mchuzi, na pande hizo hutafutana ili zijifiche. Ina pia sehemu zenye chaji za umeme zinazovutana au kusukumana. Ukiyabadilisha maji, mwenendo nao hubadilika. Katika maji yasiyo na asidi, protini za kirusi cha tumbaku hukaa katika visahani vyenye matabaka mawili, kila tabaka protini 17. Asidi ikizidi kidogo, hujipanga kuwa fimbo ndefu hata kama hamna barua ya kuizunguka. Fimbo hiyo ni bahasha tupu.

Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Aliyekuwa akitafuta maradhi ya tumbaku asingekuwa na haja na bahasha tupu. Lakini wataalamu wa kemia walipoitazama waliona kivuno: maelfu ya vyumba vidogo, vyote sawa, vimepangwa kwa umbali usiobadilika, navyo hujijenga vyenyewe ndani ya chupa. Hakuna fundi awezaye kujenga vitu vya udogo huo kwa patasi na nyundo.

Kulifunza ganda kushika madini

Njia yenyewe ni hivi. Huchukuliwa agizo la kutengeneza protini ya ganda peke yake, yaani jeni moja tu, likatiwa ndani ya bakteria ambao hufugwa maabarani. Bakteria hao huitengeneza protini kwa wingi. Kwa kuwa barua ya kirusi haikuwamo tangu mwanzo, kinachopatikana hakina namna ya kuzaana wala kuambukiza.

Kisha herufi chache za agizo hubadilishwa ili mahali palipochaguliwa pawekwe asidi amino nyingine. Wanaotaka kushika madini hupenda hasa asidi amino mbili. Moja ni histidini, ileile inayokishika chuma ndani ya himoglobini yetu. Nyingine ni sistini, yenye salfa, ambayo ni kama ndoano: pete yenye madini iliyotayarishwa kando hushikanishwa nayo na haibanduki.

Mwaka 2007 wataalamu wa Osaka, Japani, waliitumia njia hiyo kuzipanga pete za pofirini, ambazo ni jamaa za hemu na klorofili, katika ganda la kirusi cha tumbaku. Baadhi ya pete hizo zilikuwa na zinki katikati. Kwa kuwa zimepangwa karibukaribu na kwa utaratibu, mwanga ulioangukia pete moja uliweza kupokezanwa hadi nyingine, kama majani yafanyavyo. Mwaka huohuo kundi la Matthew Francis, kulekule Berkeley, lilizipanga rangi za kunasa mwanga katika ganda hilo kwa makusudi yayo hayo. Mwaka 2010 kundi hilo likatoa namna mpya ya protini ambayo ncha zake zimehamishwa hadi kwenye uwazi wa katikati, ili iwe rahisi kutia vitu upande wa ndani.

Mfano unaonipendeza zaidi watoka katika kirusi cha kunde. Kirusi hiki huyafanya majani ya kunde kupata mabaka, na ganda lake si fimbo bali ni mpira wa nanomita 28, uliojengwa kwa protini 180. Una milango: maji yakipungua asidi, mpira huvimba na matundu hufunguka, asidi ikirudi, hujifunga. Mwaka 1998 Trevor Douglas na Mark Young wa Marekani waliitumia milango hiyo kuingiza chumvi za madini ya tangsteni na kuzigandisha ndani ya mpira mtupu.

Walipotaka kutia chuma walikumbana na kizuizi. Upande wa ndani wa ganda una chaji chanya, kwa sababu kazi yake ya asili ni kuishika RNA ambayo ina chaji hasi. Chuma nacho kina chaji chanya, na vyenye chaji moja husukumana. Basi mwaka 2002 walizibadilisha asidi amino 9 katika kila protini, zenye chaji chanya zikatolewa na zenye chaji hasi zikawekwa mahali pake. Ganda likajijenga kama kawaida, na sasa chuma kikaingia na kutulia ndani yake.

Zingatieni walichokifanya. Chumba kilichoumbwa kuficha barua ya maradhi kiligeuzwa kuwa ghala ya chuma. Nao hawakubuni jambo ambalo halijapata kuwako. Miili yetu inayo ghala ya namna hiyo, iitwayo feritini: protini 24 zinazojipanga zenyewe kuwa mpira mtupu, ambao waweza kuweka atomu za chuma zipatazo 4,500 bila ya kuziacha zidhuru. Daktari akitaka kujua kama mama ana akiba ya chuma, feritini ndiyo anayoipima katika damu.

Matumaini na mipaka

Yote haya ni kwa ajili ya nini? Lengo moja kubwa ni nishati safi. Mwaka 2010 Angela Belcher na wenzake katika taasisi ya MIT walitumia kirusi cha umbo la uzi, kiitwacho M13, ambacho hushambulia bakteria tu. Waliupanga juu yake pofirini ya zinki ili inase mwanga, pamoja na oksidi ya iridiamu ili iyapasue maji na kutoa oksijeni. Kupasua maji kwa mwanga ndiko majani yanakofanya kila mchana, na ndiko wataalamu wanakokutafuta ili haidrojeni ya majini itumike kama mafuta yasiyo na moshi.

Mwishoni mwa 2015, Trevor Douglas, sasa akiwa Chuo Kikuu cha Indiana, alieleza hatua nyingine. Yeye na wenzake walichukua kimeng'enya kiitwacho haidrojenesi, chenye kofakta ya nikeli na chuma, kinachoweza kutengeneza haidrojeni. Tatizo la vimeng'enya hivi ni udhaifu: oksijeni huviharibu, joto huviharibu, na ukivitoa katika seli yake hupoteza nguvu upesi. Walikifungia ndani ya ganda la kirusi P22, ambacho nacho ni cha bakteria. Kikiwa ndani ya ganda, kimeng'enya kilistahimili joto vizuri zaidi, na utendaji wake ulipanda kwa zaidi ya mara 100 kikilinganishwa na kile kisichofungiwa. Leo kazi kama hiyo aghalabu hufanywa kwa platinamu, ambayo ni adimu na ghali, ilhali nikeli na chuma ni vya bei nafuu.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba kesho tutapikia mafuta ya virusi. Kushika madini ni jambo moja, na kuyafanya yatende kazi ni jambo jingine. Ukibadilisha mno protini ya ganda, pengine haitajipanga tena, ikaganda kama maziwa yaliyoharibika. Pete yenye madini ikisogea kidogo tu kutoka mahali pake, mwanga hupotea njiani. Tena kilichofanikiwa katika tone ndani ya maabara hakina hakika ya kufanikiwa katika pipa kiwandani, na gharama yake ni suala la peke yake. Kazi hizi nilizozitaja ni za maabara. Hazijafika dukani.

Lililokwisha kutufikia

Lakini lipo tawi moja la elimu hii lililokwisha kutufikia zamani, nalo ndilo linalonifanya nione haja ya kuyaandika haya katika gazeti la familia. Ganda tupu la kirusi, bila madini, limekuwa chanjo.

Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, ambayo watoto wetu hupewa ndani ya sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hutumia protini ya juu ya kirusi hicho, iliyotengenezwa ndani ya seli za jamii ya hamira. Protini hizo hujikusanya zenyewe kuwa vijipira vya nanomita 22 hivi. Chanjo ya kirusi cha HPV, kile kinachosababisha takriban saratani zote za mlango wa kizazi, nayo ni ya namna hiyohiyo: protini 360 za aina moja hujipanga kuwa mpira unaofanana na kirusi kwa nje, na ndani hamna barua. Msingi wake uliwekwa mwaka 1991 huko Brisbane, Australia, na Ian Frazer pamoja na Jian Zhou. Hapa Kenya serikali ilianza kuitoa kwa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019.

Saratani ya mlango wa kizazi huwaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka nchini mwetu. Ni mama zetu, dada zetu na shangazi zetu, na wengi hufika hospitali wakiwa wamekwisha kuchelewa. Ilhali katika baraza zetu na katika jumbe za simu husemwa kwamba msichana akidungwa chanjo hiyo "hutiwa kirusi". Mwenye kusema hivyo ameiona bahasha, hakuuliza habari za barua. Mwili wa msichana huliona ganda, hulikariri umbo lake, na hujiandalia kinga, ili kirusi chenyewe kikija siku moja kikute walinzi wamekwisha kuijua sura yake. Ganda tupu haliwezi kuzaana, wala haliwezi kuleta saratani, kwani maagizo ya kufanya hivyo hayamo.

Sisemi haya ili mzazi anyamaze asiulize. Kinyume chake, nataka aulize zaidi, na aulize vizuri. Akifika kliniki, na amuulize muuguzi: chanjo hii ni kirusi kilichodhoofishwa, au ni sehemu tu ya kirusi? Imetengenezwa ndani ya seli gani? Kimetiwa nini kingine ndani yake? Mwanangu ana maradhi au mzio, je, yafaa kwake? Zapangwa dozi ngapi, na kwa kupishana muda gani? Haya ni maswali yenye majibu, na muuguzi anayeijua kazi yake hatachukizwa nayo. Mwenye shaka ya uhalali wa kitu kilichomo, na apeleke majina ya vilivyomo kwa mwanazuoni anayemwamini, badala ya kupeleka uvumi.

Kipimo hichohicho na tukitumie kwa habari za maabara. Tukisikia kwamba kirusi kimetiwa chuma, au kirusi kimefunzwa kunasa mwanga wa jua, tuulize: barua imo au imetolewa? Ganda limewekwa nini mahali pake? Linafanyia kazi wapi, ndani ya chupa au ndani ya mwili? Zipo kazi za maabara zinazostahili kuogopwa na kusimamiwa kwa sheria kali, hasa zile zinazogusa virusi vikiwa na barua zao kamili. Asiyejua kutofautisha huziogopa zote sawasawa, na mwishowe hupoteza lililo jema pamoja na lililo baya.

Na kwa wale mabinti zetu wanaosoma kemia na bayolojia katika shule za upili, nao wakadhani kwamba masomo hayo ni ya kukariri majina magumu tu kwa ajili ya mtihani, na wamkumbuke yule mwanamke wa Birkbeck, aliyeitazama fimbo ndogo kuliko unywele mara elfu kadhaa na kuonyesha kwamba katikati yake pana nafasi. Nafasi hiyo sasa ndiyo inayotiwa madini.

Kabla ya kuagana, mambo matatu ya nyumbani. Mama mjamzito, kimeze kidonge chako cha chuma kila siku kama ulivyoagizwa. Kifuatishie chungwa au maji ya ndimu, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini, na uiahirishe chai, kwani chai hukizuia. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu. Na kadi ya kliniki ya binti yako itazame leo usiku, uone kama amekwisha kufikia umri wa kupewa chanjo.

Hadi juma lijalo, inshallah. Wassalaamu alaykum.